Kilo Mbili za Gundi

Ofisi yetu ilifungwa Machi, siku ya Ijumaa.
Walinikabidhi simu, chaja na daftari la kurasa mia,
wakasema: fanyia kazi nyumbani.
Nyumbani kwangu ni vyumba viwili, ghorofa ya saba,
watoto, mume, na mama mkwe asiyesikia vizuri
ila yasiyomhusu.
Nikahamia garini.

Usiku wa Łódź ulikuwa mtupu.
Tramu zilipita zimewasha taa zote, hazina mtu,
kama nyumba iliyoandaa karamu, wageni wasifike.
Blanketi miguuni, chupa ya chai kiti cha pili,
vioo vimefunikwa na ukungu wa pumzi yangu.
Gari la polisi lilizunguka na kipaza sauti:
*Kaeni majumbani. Majumbani ndiko salama.*
Na simu mkononi mwangu ikatetemeka.

"Halo," ulisema, "hapo ni duka la karatasi za ukutani?"
Nilikuwa na usingizi. Nusura niseme umekosea namba.
Nusura. Neno hilo bado limenikwama kooni
kama mwiba wa samaki.
Kisha, nyuma ya sauti yako, nikasikia mtu akikohoa,
na televisheni ikipunguzwa.
Ikipunguzwa ili asikie.

"Ndiyo, ni dukani. Unahitaji gundi?"
"Gundi. Kilo mbili."
Watoto wawili.
"Ukuta umeharibika?"
"Umeharibika."
"Leo?"
"Tangu Jumapili. Upande wa kushoto, juu."
Nikaandika: kushoto, juu. Nikagusa shavu langu mwenyewe.
"Fundi yupo hapo?"
"Yupo. Anasema bei zenu kubwa."
"Mwambie," nikasema, "mzigo tunaleta bure."

Jina la risiti ulitaja Bogna.
Sikuuliza kama ni lako.
Mara ya pili ulitaka ya kijivu.
Mara ya tatu hukutaka kitu; ulifungulia maji bafuni
nikayasikiliza dakika kumi na moja,
na kwa kuwa sikujua la kusema
nikakusomea rangi, chini chini:
maziwa, mchanga, majivu, ganda la yai, mnanaa.
Mungu anisamehe, nyingine nilizitunga.

Nyumba njema si mlango, hilo nalijua,
fungua uingie ndani.
Ila mwaka ule hapakuwa na ruhusa ya kufungua
wala ya kuingia.
Makazi ya wanawake yalijaa. Lililobaki
lilitaka kwanza siku kumi na nne bila homa.
Siku hizo ukalale wapi, ndani ya daftari langu?

Nikampigia binamu yangu Zenon,
mwenye nyumba ya wageni isiyo na mgeni.
Alinuna. Akataja umeme, akataja kodi,
akataja mkewe.
Nikanyamaza, kama nilivyojifunza kwenye maji yako.
Mwisho akasema: chumba namba sita
ndicho chenye hita nzima.

Mara ya nne ulisema kwa pumzi moja:
"Leteni Jumanne. Fundi ana zamu ya asubuhi."

Jumanne baada ya Pasaka, alfajiri, baridi ya kukata masikio,
tuliegesha nyuma ya mapipa ya taka ya jengo lenu.
Ubavuni mwa gari, kwa chokaa, tulikuwa tumeandika
KARATASI ZA UKUTANI.
Herufi zilipinda; Zenon alilaumu brashi.
Saa kumi na mbili ikapita.
Na robo.
Pazia la ghorofa ya tatu likacheza, likatulia.
Zenon akashika ufunguo. Nikamshika mkono.

Kisha mlango wa chini:
kilo moja, imevaa ndara za nyumbani.
Kilo ya pili, imebebwa, imelala.
Nikahesabu tena.

Sikuwahi kukuona. Barakoa ilificha upande wa kushoto,
si wote.
Ulipanda nyuma, katikati ya ndoo tupu,
hukusalimu, hukulia, hukushukuru.
Tulipovuka reli ndipo uliponiuliza
kama ile ya mnanaa kweli ipo.

Nikasema ipo.
Zenon akanitazama.